Ukiruka, Umeruka

Tarehe 4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua kwa vumbi la msasa. Mama nisalimie sana. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii kabla ya kuifungua, maana mwandiko unaujua na ni miaka minne hujauona. Habari zako nilikuwa nikizipata kwa Mama kwenye simu, na wewe ulikuwa ukikohoa kwa nyuma ili nijue upo. Leo nimeandika kwa sababu nina kazi ya kukupa. Kazi kweli, kama mteja.

Hapa nilipo nimeajiriwa kwenye duka la kutengeneza vifaa vya gemu. Meza yangu ni ya tatu kutoka mlangoni. Naletewa visanduku vya kuchezea vilivyokufa, vile vyenye vitufe vya kumwendeshea mpiganaji wa kwenye skrini, nafungua, natafuta waya uliokatika, nachomea, nafunga. Karibu vyote ni vya plastiki na vinalia kama madebe. Sasa kuna mteja anataka sanduku la mbao, zito, lisilotembea mezani mtu akiligonga kwa nguvu. Atalitumia mwezi wa sita kwenye mashindano ya gemu za kupigana za mtindo wa anime. Bosi aliuliza nani anamjua fundi wa mbao safi, na mdomo wangu ukakutaja kabla sijauwahi.

Vipimo vya urefu, upana na kimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Waya na vitufe nitaweka mwenyewe.

Sijasahau kwamba tuliachana kwa sababu ya mbao. Nilikata ubao wa msaji uliokuwa wa mlango wa mteja, ubao ulioukausha miaka miwili, nikaugeuza sanduku la gemu bila kukuuliza. Ukasimama mlangoni ukasema nikitoka nalo, nimetoka. Nikatoka nalo. Sitaki tulijadili leo. Nakuarifu tu kwamba mkataba wangu hapa unaisha mwisho wa mwezi wa saba, na sijui nitaelekea wapi. Nyumbani sipataji kwa sababu sijui kama meza yangu bado ipo.

Mwanao,
Msumari


Tarehe 27 Februari

Msumari,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kizima, mama yako mzima na anakusalimu kwa maneno mengi ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Nafurahi kwamba unakula.

Bahasha sikuigeuzageuza. Niliifungua pale pale kwa patasi, mbele ya mteja.

Kazi nimeipokea na mbao nimeshachagua. Ila umenitupia neno bila kulieleza. Mtindo wa anime ndio nini? Nimemuuliza Kinyozi, jirani yetu, ambaye siku hizi ameweka skrini ya gemu kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu. Wengine wanasubiri zamu na wameshanyolewa. Akaniwashia, akanionyesha wasichana wenye macho kama visahani na wavulana wenye nywele zilizosimama kama brashi ya kupakia gundi. Akasema anime ndiyo hiyo, na kwamba yeye zile nywele zinamsikitisha kikazi. Basi nimeelewa.

Mimi gemu za kupigana nazijua za enzi yetu. Unaikumbuka ile mashine ya dukani pale kona? Kila Jumamosi tukishafunga karakana tulikuwa tunasimama pale mimi na wewe, wewe juu ya kreti ya soda. Nilikufundisha jambo moja tu, usiruke ovyo. Ukiruka, umeruka. Miguu ikishaacha chini huna tena la kufanya, utatua pale pale ulipolenga, na mwenzio anakungoja na ngumi. Ulinielewa vizuri mno, ndiyo maana ukawa unanipiga una miaka tisa. Ulikuwa umetulia chini kama ulivyo msumari uliogongwa sawasawa, na jina nikakupa siku hiyo.

Kuhusu mwezi wa saba, mtu mzima hapangiwi.

Baba


Tarehe 16 Machi

Msumari,

Habari za huko. Sisi tu wazima. Sikungoja jibu lako kwa sababu mbao ilikuwa tayari na mkono ulikuwa unawasha.

Sanduku hili hapa. Viungo vyote ni vya meno, hakuna msumari wala skrubu. Juu ya mfuniko nimekuchongea msichana wa anime, kichwa na mabega, nywele zimesambaa mpaka pembeni. Macho nimeyachonga makubwa kama ya kwa Kinyozi, tena zaidi kidogo. Vitufe sita nimevitobolea matundu, viwili vimekaa katikati ya macho ili vionekane kama mboni. Tundu la kijiti, kile cha kumwendeshea mpiganaji, nimeliweka kushoto, sikioni. Patasi imefanya kazi siku kumi na moja. Mama yako alipoliona alisema msichana anafanana na wewe ukikasirika. Mimi sikukusudia.

Mwambie mteja wako asiliweke juani.

Baba


Tarehe 5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Na mimi niko mzima, isipokuwa mafua kidogo.

Sanduku limefika. Nililifungulia mezani kwangu na wenzangu wote wakaja, na hakuna aliyecheka. Fundi mkuu, mtu asiyesifu kitu, alipitisha kidole kwenye nyusi za yule msichana mara tatu, kisha akaligeuza kutafuta skrubu. Hakuiona. Nilijisikia vizuri mno siku ile. Kwa hiyo nikisema linalofuata, nakuomba usilishike vibaya.

Halichezeki, Baba. Nywele zinakwaruza kifundo cha mkono, na kitufe cha jicho la kushoto kinamtaka mtu mwenye vidole saba. Kosa ni langu. Nilikupa neno bila kukueleza, nawe ukaenda kumuuliza mnyoaji.

Hata hapa dukani neno hilo linatugombanisha. Bosi anasema anime ni michoro, macho na nywele, basi. Dada wa meza ya pili anasema ni kasi. Mimi nawaambia wote wawili waangalie hewani. Ipo gemu moja watu wake wamechorwa kama picha za pasipoti, wana vipara na jasho, lakini wachezaji wa anime wameichukua kuwa yao na hawataki kusikia lingine. Ipo nyingine imejaa macho ya visahani na nywele za zambarau, ila wapiganaji wake wanatembea chini pole pole kama walinzi wa benki. Wachezaji wale wale wakiiona wanasema hii imeazima nguo.

Tofauti ni hii. Kwenye mashine yetu ya kona, ukiruka umeruka. Kwenye hizi, ukiwa juu bado una hiari. Unaweza kuruka mara ya pili kule kule juu. Unaweza kukimbia hewani, kwenda mbele au kurudi nyuma. Ukiona umekosea, unageuza. Na ukibanwa, ukapigwa ngumi ishirini mfululizo hata chini hugusi, unayo nafasi ya kujinasua. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mpinzani anarushwa kule, unapata kupumua. Ni mara moja tu kwa raundi, ukiitumia imekwisha.

Vidole vinakimbia sana kwa ajili ya hayo yote, ndiyo maana wengi tunacheza bila kijiti. Ni vitufe kumi na viwili vitupu, na cha kurukia kinakaa chini ya kidole gumba. Mfuniko uwe laini kabisa. Je, utaniwia radhi ukatengeneza lingine?

Mwanao,
Msumari


Tarehe 24 Aprili

Msumari,

Marahaba. Tu wazima.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Siku kumi na moja za patasi, na wewe unaniambia habari za vifundo vya mikono.

Kama ndivyo gemu hizo zilivyo, basi hazina adabu. Mtu anaruka bila kufikiri, akiwa juu anabadili mawazo, anarudi alikotoka kama vile hakuna kilichotokea. Sasa atajifunza lini? Kwenye mashine yetu mtu alikuwa anaangalia kabla hajaruka, kwa sababu alijua hakuna wa kumrudisha.

Tena umeandika "tunacheza". Huyo mteja ni nani hasa?

Sanduku la pili sikuahidi. Nina milango ya watu hapa.

Baba


Tarehe 12 Mei

Baba,

Shikamoo. Mafua yameisha. Natumaini nyote hamjambo.

Mteja ni mimi. Nimejiandikisha mwenyewe kwenye yale mashindano. Bosi aliuliza kweli habari za fundi wa mbao, lakini ilikuwa kwa ajili ya rafu za duka, na alishampata. Sikutaka kuanza barua baada ya miaka minne kwa kusema nimekukumbuka, nikaona nianze na vipimo. Nisamehe kwa uongo huo. Kwa ule ubao wa msaji pia nisamehe. Nilijua ni wa mlango wa mtu, nikaukata makusudi, kwa sababu kila nikikuonyesha michoro ya masanduku yangu ulikuwa unasema niondoe vichezeo vyangu mezani.

Sasa niseme na lililobaki. Bosi ameniwekea mkataba mpya wa miaka miwili, anataka jibu tarehe 29 Juni, baada tu ya mashindano. Mimi nataka kurudi nyumbani. Nataka tutengeneze masanduku haya hapo karakana, wewe mbao na mimi waya. Nimeshaandika, sasa imeandikwa. Lakini siwezi kurudi kwenye nyumba niliyoambiwa nimetoka, mpaka aliyesema hivyo aseme vingine. Nisipopata neno lako nitatia sahihi hapa, na sitakulaumu.

Mashindano ni tarehe 27 Juni. Nitacheza na sanduku la plastiki, sio tatizo.

Mwanao,
Msumari


Tarehe 3 Juni

Msumari,

Marahaba mwanangu. Mimi mzima. Mama yako mzima, ila tangu barua yako ifike hajanisemesha isipokuwa kuniomba chumvi, na chumvi iko karibu na yeye.

Usidhani bado nina hasira. Hasira iliisha mapema, kabla barua yako haijafika. Wiki moja baada ya kukuandikia yale makali nilianza kukosa raha. Siwezi kumtengenezea mtu mlango kama sijui unafungukia upande gani, na hapa nilikuwa nagombana na gemu ambayo sijawahi kuigusa. Nikaenda kwa Kinyozi mchana, wateja wakiwa wachache, nikamwambia aniwashie ile yenye kuruka mara mbili. Niliona haya kwenda kucheza tu, kwa hiyo kila nikienda nikawa nanyolewa kwanza. Nimenyolewa mara saba kwa mwezi mmoja. Kichwa changu sasa kinaweza kutumika kama kioo, na majirani wameanza kuniuliza kama kuna msiba.

Kinyozi alinipiga hadi nikamwonea huruma kwa kuchoka. Vidole vyangu vinajua randa na msumeno, hivyo vitufe vinavikimbia. Mechi thelathini nimehesabu, kisha nikaacha kuhesabu.

Siku moja niliruka vibaya. Nilijua nimeruka vibaya tangu miguu inaacha chini. Kwa mazoea yangu nikaachia mikono, nikangoja ngumi. Kinyozi akaniambia, "Mzee, mbona umeshakata tamaa na bado uko juu? Bonyeza." Nikabonyeza. Jamaa yangu akarudi nyuma hewani, ngumi ya Kinyozi ikapita patupu, nikatua salama. Raundi iliyobaki nilipigwa bila kujikinga, kwa sababu nilikuwa sipo pale. Nilikuwa nakufikiria wewe ulivyosimama mlangoni umeshika lile sanduku.

Mwanangu, siku ile nilikuhukumu kwa sheria za mashine ya kona. Nilisema ukitoka umetoka kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo nilivyokufundisha wewe, na sikujua kama kuna namna nyingine. Nilikosea. Miaka minne nimekohoa nyuma ya simu ya mama yako badala ya kuiomba. Haya sitayasema tena ana kwa ana, hunijui kwa mambo hayo, kwa hiyo itunze karatasi hii.

Sanduku linakuja pamoja na barua. Ni la msaji. Ule ubao ulioukata ulibakiza kipande, mlango wa mteja nikautengeneza kwa mbao nyingine. Kipande nilikiweka juu ya kabati, nikamwambia mama yako ni cha kuchochea moto. Hakikuchochewa.

Mfuniko ni mtupu, laini, upitishe mkono uone. Vitufe ni kumi na viwili. Tundu la kitufe cha kurukia nimelitoboa mara mbili. Mara ya kwanza nilipima kwa kidole gumba changu, likakaa mbali. Mara ya pili nikapima kwa cha mama yako, maana vidole vyenu ni vya kurithiana, likakaa sawa. Lile la kwanza nimeliziba kwa msaji huo huo, ukitafuta sana utaliona. Yule msichana nimemchonga tena, lakini kwa ndani, chini ya mfuniko, mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Hapo hatamkwaruza mtu.

Umesema unataka kurudi. Rudi. Meza yako imejaa makopo ya vanishi, nitayahamisha. Ila mkataba wa miaka miwili nao ni kitu, na ukiutia sahihi sitakununia. Amua mwenyewe, hata ukiwa juu.

Baba


Tarehe 30 Juni

Baba,

Shikamoo. Naamini u mzima na nywele zimeanza kuota. Mimi mzima kabisa.

Barua yako niliisomea chooni dukani, mlango nimefunga, kwa sababu meza yangu iko mahali pa wazi na sikutaka wanione ninavyolia. Nimeitunza.

Sanduku halikutembea hata unene wa karatasi. Waya nilizipachika kwa siku moja tu, yule msichana wako nikampitishia ya njano pembeni ili isimfunike. Wachezaji watano wameniuliza linapatikana wapi. Nilipowaambia ni baba yangu, walidhani natania.

Nilitolewa mechi ya tatu. Nikueleze ilivyokuwa, maana sasa unaelewa. Mpinzani wangu alinibana kwenye kona. Ile nafasi ya kujinasua nilikuwa nayo tangu raundi inaanza. Akinipiga nasema bado, ngoja, kuna pigo kubwa zaidi linakuja, hapo ndipo nitaitumia. Akiongeza nasema bado. Pigo kubwa likaja likanimaliza, na skrini ikaonyesha nafasi yangu imejaa, haijaguswa. Fundi mkuu alikuwa nyuma yangu, akasema wengi hufa hivyo, wanatunza mpaka wanazikwa nayo.

Jana bosi akanipa kalamu. Nikuambie ukweli, hata baada ya barua yako nilikuwa nimepanga kutia sahihi. Niliona nifanye miaka hiyo miwili kwanza, nijikusanye, nije na kombe au mashine yangu ya kukatia, ili siku nikiingia karakana usione nimerudi mikono mitupu. Kalamu ilishafika kwenye karatasi. Halafu nikaikumbuka ile skrini. Nikamrudishia bosi kalamu yake, nikamwambia asante, narudi kwetu.

Namalizia mwezi wa saba kama nilivyoahidi, nafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Nakuja na vitufe na waya vya masanduku matano ya wale watu. Lile sanduku la kwanza, la macho makubwa, fundi mkuu alilitaka kwa kila hali, nikamkatalia. Mwambie Kinyozi aandae kiti cha pili mbele ya skrini.

Ukitaka kunijibu fanya haraka, kwa sababu tarehe moja ya mwezi wa nane barua haitanikuta hapa.

Mwanao,
Msumari


Tarehe 13 Julai

Msumari,

Marahaba. Sote wazima, na mama yako ameanza tena kunisemesha.

Makopo nimeyahamisha. Moja lilikuwa linavuja muda wote huo na sisi hatuna habari, limeacha doa kubwa kwenye meza yako upande wa dirisha. Sikuligusa. Utalipiga msasa mwenyewe ukifika.

Baba yako